Mababu wa Yaowarat

Mwaka 1966, vijana wa Walinzi Wekundu walipokuwa wakivunja kumbi za koo na kuchoma vibao vya majina ya marehemu katika vijiji vya kusini mwa China, ndugu zao wa Bangkok walikuwa bado wakienda sokoni kuchagua jogoo mnono wa tambiko lilelile. Mapinduzi ya Utamaduni yaliyahesabu mambo hayo kuwa uchafu wa kale. Thailand haikuona sababu ya kuyagusa. Hivyo mila ya kijiji ikatunzwa na watu waliokikimbia kijiji chenyewe kwa sababu ya njaa.

Watu hao ni Wateochew. Asili yao ni pwani ya mashariki ya jimbo la Guangdong, karibu na bandari ya Shantou, na ndio wengi zaidi miongoni mwa Wathai wenye asili ya China. Mfalme Taksin, aliyetawala Siam, jina la zamani la Thailand, kuanzia 1767 hadi 1782, alizaliwa na baba Mteochew. Mrithi wake alipohamishia mji mkuu ukingo wa mashariki wa mto Chao Phraya, Wachina waliokuwa wakiishi mahali palipotakiwa kujengwa kasri walihamishiwa Sampheng. Hapo ndipo palipostawi mtaa wa biashara ambao leo unajulikana zaidi kwa jina la barabara yake kuu, Yaowarat.

Wengi walishuka melini mikono mitupu. Walibeba magunia gatini, wakachimba mifereji, wakakoboa mpunga kwenye vinu. Mwanamume wa Kichina alilipa kodi ya kichwa kila baada ya miaka mitatu, na risiti yake ilikuwa uzi uliofungwa kwenye kifundo cha mkono na kugandishwa kwa lakiri yenye muhuri. Mwaka 1910, serikali ilipotaka walipe kila mwaka kama wenyeji, wakafunga maduka kwa siku tatu. Mji uliotegemea wauza mchele hao ukapata kiwewe. Kumbe miaka miwili nyuma mwanamapinduzi wa China, Sun Yat-sen, alikuwa ameshapita Bangkok kutafuta wafuasi na fedha. Mapinduzi yaliyouangusha ufalme wa China yalipozuka mwaka 1911, Mfalme Vajiravudh wa Siam hakulala vizuri. Mwaka 1914, akitumia jina la kubuni, aliwaandika Wachina kuwa "Mayahudi wa Mashariki".

Lawama moja iliyowaandama ni kwamba pesa zao zilikwenda kwao. Ni kweli zilikwenda. Zilisafiri ndani ya barua, kwa mfumo wa hawala: kiasi kikiandikwa juu ya bahasha, mwenye duka la hawala akikusanya barua kwa mafungu, na mjumbe wake kule Chaoshan, eneo la asili la Wateochew, akitembea nyumba kwa nyumba. Mama mzee alipokea fedha, akasomewa barua kama hajui kusoma, kisha mjumbe akamngoja atoe jibu fupi la kurudisha Bangkok kuthibitisha kwamba mzigo umefika. Barua hizo zinataja ada ya shule, posa, deni la mazishi, paa linalovuja. Mwaka 2013 UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia, heshima ambayo wale makuli hawakuiota.

Mume mmoja aliweza kuwa na mke kijijini na mwingine Siam, na barua ikaunganisha nyumba zote mbili. Watoto wa mama Mthai walikua wakiongea Kithai na mama, Kiteochew na baba. Ndoa hizo, kuliko amri yoyote ya serikali, ndizo zilizowafanya Wathai.

Amri nazo zilikuwepo. Waziri Mkuu Phibun, aliyeingia madarakani mwaka 1938, alifunga shule na magazeti ya Kichina na kuwatengea Wathai baadhi ya kazi. Familia zikaanza kubadilisha majina ya ukoo. Kwa kuwa sheria ya Thailand hairuhusu watu wasio ndugu kutumia jina moja la ukoo, wageni walilazimika kubuni majina marefu. Chin Sophonpanich, mmoja wa waasisi wa Benki ya Bangkok mwaka 1944, alizaliwa katika ukoo wa Tan. Kwenye hati akawa Mthai kamili, lakini mbele ya madhabahu ya nyumbani watu kama yeye walibaki na jina la kale, kwani babu wa Kiteochew asingeitambua ile sauti ndefu ya Kithai.

Ili kuona mila hii ilivyo hai, mtu aangalie Mwaka Mpya wa Kichina. Una siku tatu: ya kununua, ya kutambika, na ya kutembea. Asubuhi ya siku ya pili huanza na mungu wa ardhi ya nyumba, ambaye kibanda chake chekundu hukaa chini sakafuni, kikitazama mlangoni. Baadaye, kabla ya saa sita mchana, mababu huandaliwa meza: kuku, bata, nyama ya nguruwe, machenza, chai, bakuli za wali zilizohesabiwa kwa idadi ya wanaoalikwa. Udi ukikaribia kuisha, pesa za karatasi huchomwa, siku hizi pamoja na simu na magari ya karatasi. Alasiri ni zamu ya mizimu isiyo na jamaa. Walio hai nao hula. Siku ya tatu hakuna kufagia wala kudai deni, na anayekwenda kumsalimu mkubwa wake huchukua machenza manne, akarudishiwa mengine.

Nje ya duka hilohilo huweza kuwepo kibanda cha pili, juu ya nguzo, cha mzimu wa kiwanja kwa desturi ya Kithai. Hakuna anayeona mgongano.

Ile huruma kwa wafu wasio na ndugu ilizaa jambo kubwa kuliko sherehe. Mwaka 1910 wafanyabiashara wa Kichina walianzisha shirika la Poh Teck Tung, chini ya kivuli cha mtawa Tai Hong wa enzi ya Song, ili kuwazika maskini waliokufa bila mtu. Leo magari yake hukimbilia ajali za barabarani Bangkok, na miongoni mwa wanaojitolea humo wamo Wathai wasio na babu wa Kichina.

Milango ya China ilipofunguka, mila ilirudi ilikotoka ikiwa imeshika pochi. Thailand ilianzisha uhusiano wa kibalozi na Beijing mwaka 1975, na Shantou ikafanywa eneo maalumu la uchumi mwaka 1980, makusudi kuwavuta matajiri wa Kiteochew waliotapakaa duniani. Kampuni ya CP, iliyoanza mwaka 1921 kama duka la mbegu la ndugu wawili mjini Bangkok, ilikuwa miongoni mwa wawekezaji wa kwanza wa kigeni nchini China. Wengine walikarabati kumbi za koo, wakajenga shule na mahekalu. Chama cha Kikomunisti kilichokuwa kimeziita kumbi hizo ushirikina sasa kiliwapokea wafadhili wa kumbi hizo kwa mkono wa ukarimu.

Bangkok yenyewe haikusimama. Kila Aprili magari bado husongamana njiani kuelekea makaburi ya Chonburi, lakini viwanja vya maziko vimekuwa ghali na familia nyingi huchoma maiti kwa desturi ya Kibudha. Kiteochew kinabaki kwa wazee; vijana wanaojifunza Kichina huchagua Kimandarini, lugha ya ajira. Na upande wa Huai Khwang wamehamia Wachina wapya, wengi wakitokea Yunnan na kwingineko, wafanyabiashara waliokulia katika China ya baada ya Mao. Wakifika Yaowarat hukuta lahaja ambayo hawaielewi, na matambiko ambayo baadhi yao waliyasikia tu kwa bibi zao.