Mti wa Baridi ya Mlimani Wafanya Nini Pemba?

Mpandaji wa Mlima Kenya au Kilimanjaro akishaupita msitu mkubwa, kwenye kimo cha mita 3,000 hivi, huingia katika vichaka vya mti ambao mtu wa mwambao angeapa kuwa ni mvinje mchanga. Majani yake ni kama sindano, mafupi kuliko punje ya mpunga, nayo yamejipanga matatu-matatu au manne-manne kuzunguka kijiti. Lakini si mvinje. Huu ni mti wa ukoo wa Erikasia, ambao Waarabu huuita khalanj. Mmoja wao, Erica arborea, huota pia milima ya Ethiopia na Yemen, na kuendelea hadi pwani za Mediterania, ambako kigogo cha shina lake huchongwa viko vya kuvutia tumbako. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa asili yake yamkini ni huku kwetu Afrika ya Mashariki, ndipo ukasafiri kwenda kaskazini.

Basi msomaji atastaajabu akiambiwa kuwa ndugu wa mti huo yuko Pemba, katika msitu wa Ngezi, hatua chache kutoka baharini, na mwingine wa aina hiyo hiyo yuko kisiwa cha Mafia. Hapana theluji huko, wala ukungu wa mlimani. Wenyeji wa Ngezi, waliozoea mpapindi na popo wa Pemba, huenda wameupita mara elfu bila ya kuutupia jicho.

Siri iko mchangani. Watu hudhani miti hii hupenda baridi, kumbe ipendacho hasa ni ardhi maskini yenye uchachu, ambayo mvua imeiosha rutuba yake yote. Miti mingine hushindwa hapo. Huu unao washirika, nao ni kuvu wadogo mno waishio ndani ya mizizi yake na kuutafutia chakula pasipo chakula. Mchanga mweupe wa Ngezi una umaskini huo huo, na mti umeridhika nao.

Zama za utawala wa Wadachi, bingwa wao Adolf Engler aliupa mti huu wa visiwani jina la Philippia mafiensis, yaani Philippia wa Mafia. Hapo ndipo ulipoanza mzozo wa nasaba. Sisi watu wa mwambao twajua maana ya ukoo na milango yake: watu wawili huweza kuwa wa ukoo mmoja na milango mbalimbali. Wataalamu nao waliweka mlango wa Erica na mlango wa Philippia, kisha wakawa wanaamua kwa kulitazama ua kwa kioo cha kukuzia. Ua la Erica lina vijani vinne vilivyo sawa chini yake. Ua la Philippia lina vinne pia, lakini kimoja ni kikubwa kuliko wenziwe. Tena ua lake ni dogo, halina rangi ya kuita nyuki. Kileleni mwa kike chake pana kitu kama mwavuli cha kunasia chavua iletwayo na upepo.

Alama hiyo ilionekana madhubuti kwa zaidi ya miaka 100. Mtaalamu wa Afrika Kusini, E.G.H. Oliver, alipoichunguza aliona kuwa kile kijani kikubwa ni jani la kikonyo lililopanda juu likagandamana na ua, na kwamba ipo miti ya katikati isiyokubali kuwekwa huku wala kule. Mwaka 1987 aliuvunja mlango wa Philippia na kuuingiza katika Erica, ambao sasa una aina zaidi ya 800, nyingi zake za Rasi ya Afrika Kusini. Kwa maoni yangu alifanya haki, maana nasaba haiamuliwi kwa kijani kimoja.

Hata hivyo, mti wa Ngezi haukupoteza kitu kwa kubadilishwa mlango. Ungali aina ya pekee, ambayo makao yake duniani ni Pemba na Mafia tu. Ndugu zake wa Kilimanjaro wana nafasi pana, na bado wanaumia: mtaalamu Andreas Hemp ameonyesha jinsi moto ulivyoila misitu yao tangu mwaka 1976, na Oktoba 2020 moto ulizuka tena. Misitu hiyo hunasa maji ya ukungu, na chemchemi za mlima ule huulisha mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Ikiwa mlima mzima hauna salama, kipande cha mchanga cha kisiwani kitahimili moto au mapanga mara ngapi?

Mwenye kuutafuta mti huu vitabuni aangalie majina yote mawili. Vitabu vya zamani vitamwambia Philippia mafiensis, na vipya vitamwambia Erica mafiensis.