Sura ya 6: Chora Unachosikia

Lumakanda, makao makuu ya Lugari katika Kaunti ya Kakamega, ni mji wa watu waliohamia. Mashamba ya walowezi wa Kizungu yalipogawanywa baada ya uhuru, walikuja Wamaragoli, Wabukusu, Wakabarasi, Watiriki na wengine wasio Waluhya kabisa, kila jamii na usemi wake. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo. Hapa mtu huuliza: lugha ya nani? Mara nyingi Kiswahili ndicho kinachoamua ugomvi huo. Kisha mtoto anafika Gredi ya 4, na hesabu na sayansi zinamjia kwa Kiingereza, lugha ambayo akishavuka lango la shule hakuna anayemdai.

Walimu wengi hukimbilia picha. Hubandika karatasi ya manila ukutani, ng'ombe, jembe, debe, na darasa zima linaitikia kwa sauti moja. Mbinu hii ni kongwe. Mwaka 1658 Comenius alichapisha huko Nuremberg kitabu cha kufundishia Kilatini, Orbis Sensualium Pictus, ambamo vitu vya kwenye picha vilipewa nambari zilizorudi ndani ya sentensi. Warithi wake wameshika picha, sentensi wakaiacha. Mtoto anabaki na orodha ya majina, na kwa orodha ya majina huwezi hata kuomba maji.

Msimamo wangu ni huu: picha hufundisha lugha pale mmoja anapoiona na mwenzake haioni. Afrika Mashariki tunao mfano wa karibu. Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, alikuwa amesoma London chini ya Marion Richardson, mwalimu aliyezoea kusimulia mandhari kwa maneno huku wanafunzi wamefumba macho, kisha wachore walichokiona akilini. Richardson alilenga sanaa. Lakini anayejifunza lugha ya kigeni akipewa kazi hiyo hiyo, sikio lake halina pa kujificha.

Chukua darasa la Gredi ya 5. Wanafunzi wawili wamekaa wakipeana migongo. Mmoja ana mchoro wa boma: ghala la mahindi, kuku, ng'ombe, bibi aliyebeba kuni. Mwenzake ana karatasi tupu na penseli. “The hen is above the granary,” anasema wa kwanza, kwa kuwa kichwani mwake “juu ya” ni moja tu, awe kuku ametua paani au anapita hewani. Mwenzake, ambaye ameshika somo vizuri, anachora kuku anayepaa. Halafu inakuja, “He is carrying firewood,” maana “yeye” wetu haulizi mume wala mke, na bibi anatoka na suruali na ndevu. Karatasi mbili zikiwekwa pamoja, kelele zinazuka. Nani amekosea, msemaji au mchoraji? Ndani ya ubishi huo “on” na “above” zinapata kazi ambayo ubao haukuweza kuzipa. Kosa limeonekana bila mtu kuaibishwa, jambo ambalo wazee waliovishwa kibao cha adhabu shingoni shuleni kwa kusema lugha ya mama watalielewa upesi.

Mradi mkubwa zaidi, tuseme mozaiki ya mbegu, una faida nyingine: una nyakati. Mahindi, maharagwe na wimbi vipo nyumbani. Gundi ni uji mzito wa unga. Kabla ya kuanza kuna maagizo: “Mix the flour with cold water first.” Mikono ikiwa kazini, ni “I am pressing the beans along the edge.” Kesho yake, “We ran out of beans, so we used maize.” Walimu wengi hungoja mikono ioshwe ndipo waombe insha, na hapo theluthi mbili za sarufi zimeshapotea. Kauli ya kutendwa nayo, inayowasumbua hata wa sekondari, hukaa vizuri kwenye ufinyanzi. Udongo wa wafinyanzi wa Ilesi, kwenye barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, “is dug, pounded, shaped, dried and fired”, na mpangilio huo haupinduki, kwani chungu kibichi kikiingia motoni kinapasuka.

Tangu 2022 wanafunzi wa Gredi ya 6 hufanya mtihani wa KPSEA, ambamo sanaa huulizwa kwa maswali ya kuchagua jibu. Kuchora kwa kutia alama kwenye chaguo, hilo nalo ni ajabu yake. Lakini mwalimu anayebanwa na muda wa kuandaa mtihani huo hahitaji kipindi kipya kwa kazi hizi. Sanaa Bunifu tayari ipo kwenye ratiba, na huyo huyo ndiye anayefundisha Kiingereza mara nyingi.

Mambo mawili yasimtie hofu. Kundi likipanga kazi kwa Kimaragoli au Kiswahili, liache lipange, mradi ripoti mbele ya darasa iwe ya Kiingereza. Na alama zitolewe kwa maelezo, si kwa uzuri wa mchoro. Asiyejua kuchora ng'ombe asipoteze alama za Kiingereza kwa sababu ng'ombe wake anafanana na mbwa, ilimradi amemweka nyuma ya ghala alipoambiwa amweke.