Jina "Kisukari" na Dhana Potofu za Afya: Mfano wa Timbwani

Neno kisukari, lililoundwa kwa kiambishi ki- na nomino sukari, limezaa dhana potofu. Katika wadi ya Timbwani, Likoni, kama kwingineko pwani, wapo waaminio kwamba maradhi haya huletwa na sukari ya chai tu. Hivyo, mtu aliyeazimia kulinda afya yake hunywa chai isiyo sukari, ilhali ameisindikiza kwa mahamri manne, na adhuhuri akala sinia ya wali wa nazi.

Hakika ni kwamba wanga wa mahamri, wali na muhogo humeng'enywa ukawa glukosi, ambayo ndiyo sukari ya damu. Mgonjwa hupungukiwa na insulini itokayo kwenye kongosho, au mwili wake hushindwa kuitumia ipasavyo.

Dhana nyingine ni kwamba asiyehisi kiu wala uchovu amepona. Huacha dawa, na madhara yakaendelea kimyakimya machoni, kwenye figo na miguuni. Hali yake hubainishwa kwa kupimwa damu.

Basi wanafunzi wa Kiswahili wanaofafanua istilahi za tiba wana wajibu wa kueleza kuwa kisukari huhusu mlo mzima.