Obokano, Mabati na Mvua ya Alasiri: Jinsi ya Kutangaza Mubashara kwa Raha Gusii

Tangu nyaya za mawasiliano zilipotua Mombasa kupitia chini ya bahari mwaka 2009, na hasa tangu Machi 2020, makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona na jamaa wakazuiwa kukusanyika kwa wingi makaburini, vijana wengi wa Gusii, yaani Kisii na Nyamira, wameingia katika shughuli ambayo wazee wao hawakuijua, nayo ni kutangaza mubashara kwa simu: ibada ya Sabato, kwaya, harusi, mazishi, mpira wa kijijini na muziki wa jadi. Aghalabu hawalipwi chochote. Huifanya kwa mapenzi, na kwa fahari ya kumwonyesha aliye mbali kwamba nyumbani bado papo. Ndiyo maana inasikitisha kuona jinsi wengi wao wanavyoiacha baada ya muda mfupi, wamechoka, bando limewaishia, na watazamaji waliokuwa wakiwafuata wametawanyika.

Ukiwauliza sababu, watakuambia kwamba simu yao ni duni, na kwamba lau wangepata kamera ya maana mambo yangenyooka. Mimi nasema sivyo. Maradhi ya matangazo yetu ni sauti. Mtu aliyeketi ughaibuni akimtazama mjomba wake akizungumza atavumilia picha yenye ukungu, atavumilia hata picha iliyoganda kwa nukta kadhaa, maadamu anasikia yanayosemwa. Lakini sauti ikianza kukatika au kumezwa na kelele, ataondoka, wala hatarudi siku nyingine. Basi anayetaka shughuli hii imletee furaha badala ya karaha, na aanze na sikio kabla ya jicho.

Tutazame obokano, kinubi kikubwa cha Abagusii chenye nyuzi nane, ambacho bakuli lake limewambwa ngozi ya ng'ombe na ambacho ngurumo yake ya chini msikilizaji aliyeketi karibu huisikia kifuani kabla haijamfika masikioni. Weka simu mbele ya mpigaji, mwendo wa hatua tatu, uanze kutangaza, kisha mpigie rafiki aliye mjini umuulize anasikia nini: atakuambia anasikia sauti ya mwimbaji na mgongano mwembamba wa nyuzi, na ile ngurumo haimo. Sababu ni kwamba simu nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya maneno ya mwanadamu, na programu iliyomo ndani yake huichukua sauti nzito inayodumu kuwa ni kelele, mithili ya injini au upepo, ikaichuja. Dawa yake si ghali. Ingia katika mipangilio ya programu unayotumia, uzime kichujio cha kelele na ule urekebishaji wa sauti unaojiendesha wenyewe. Kisha chukua kipaza sauti kidogo cha kubana nguoni, kile kiuzwacho madukani kwa bei ya kawaida, ukiweke karibu na ngozi ya ala bila kuigusa, na kingine ukibane kwenye shati la mwimbaji. Vaa visikilizio masikioni, umwombe mzee apige kidogo kabla hujaenda hewani, na usogeze kipaza sauti kidogo kidogo mpaka ngurumo itokee. Kazi hii ni ya dakika kumi, nayo inashinda kamera ya maelfu ya shilingi.

Adui wa pili wa sauti ni mvua. Gusii ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini Kenya, zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na tena ni mvua yenye desturi yake: asubuhi huwa kweupe, mawingu hujikusanya kutoka upande wa Ziwa Viktoria, na alasiri mvua huanguka. Nyumba zetu na makanisa yetu yameezekwa mabati. Mvua ikishika, hakuna kipaza sauti kitakachomwokoa mhubiri wala mpigaji. Kwa hiyo mwenye busara hupanga tangazo lake liishe kabla ya saa nane mchana, au hungoja usiku. Na ikimlazimu kutangaza alasiri, hutafuta chumba chenye dari, ahamishe shughuli humo mapema, asingoje matone ya kwanza.

Kisha kuna milima yenyewe. Mawimbi ya simu hayapiti ndani ya kilima, na ndiyo sababu mtu aliye juu ya ukingo wa Manga, ambako mji wa Kisii unaonekana chini yake, hupata mtandao wa kasi, ilhali jamaa yake aliye bondeni hahesabu hata kistari kimoja. Nenda mahali pa shughuli siku moja kabla, saa ile ile utakayotangaza, upime kasi ya kupandisha wala si ya kushusha, kwa kuwa mtangazaji hupandisha. Pima kwa laini za kampuni mbili tofauti. Chukua nusu ya kasi uliyoipata, hiyo ndiyo uitumie, na nusu ya pili iwe akiba ya wakati umati utakapofika na kila mtu akatoa simu yake. Picha ya ubora wa 720 hutosheka na megabiti mbili na nusu kwa sekunde, ambayo kwa saa nzima ni kama gigabaiti moja na kidogo. Picha ya 480 huridhika na megabiti moja, yaani takriban nusu ya gigabaiti. Mtandao ukidhoofika, punguza picha bila huruma, sauti iache ilivyo. Kuhusu stima sisemi mengi, kwani kila mkazi anajua inavyopotea radi zikianza: paawa benki iliyojazwa tangu jana, basi.

Wala usifanye kazi peke yako. Muwe wawili, mmoja akishika simu na mwingine akisoma jumbe za watazamaji na kuzijibu kwa Ekegusii au Kiswahili, kwa kuwa raha kubwa ya mtu aliye mbali ni kusikia jina lake likitajwa nyumbani.

Na walio mbali ni wengi. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, kuna jumuiya kubwa ya Abagusii, na kati yao wapo wahudumu wengi wa afya wanaofanya kazi kwa zamu. Ibada inayoanza Nyamira Jumamosi saa tatu asubuhi huwafikia saa sita ya usiku wakati wao wa baridi, au saa saba wakati wa kiangazi. Saa mbili usiku hapa, kule ni saa tano asubuhi au adhuhuri. Anayetangaza muziki au mazungumzo, ambayo hayafungwi na saa maalumu, na achague usiku wetu, mvua ikiwa imekwisha nao wakiwa macho. Mazishi hayaahirishwi kwa ajili ya saa za ughaibuni. Lakini mtangazaji anaweza kuwapa jamaa mapema saa ya kutolewa wasifu na saa ya mwili kushushwa, ili aliyetoka zamu ya usiku asikeshe bure akingoja. Hisani hiyo ndogo nimeiona ikishukuriwa kuliko picha yoyote.

Urefu wa tangazo nao una adabu yake. Mchongaji wa Tabaka, huku huku Gusii, akitangaza kazi yake ya mawe tangu bonge hadi sanamu, hakuna atakayebaki. Lakini akianza pale kinyago kinaposuguliwa kwa msasa na maji, jiwe lililokuwa na vumbi jeupe likageuka na kufunua mishipa yake ya waridi, watu watakaa nusu saa, na wengine watauliza bei.

Ruhusa ni sharti. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na hata pasipo sheria, waliofiwa wana staha yao: uliza wenye msiba kabla hujaelekeza simu kwenye jeneza au uso wa mjane. Mechi za ligi nazo zina wenye haki ya kuzitangaza. Waachie, ukatangaze kombe la kijijini kwenu, ambalo hakuna kituo kitakachokuja kulitafuta.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba matangazo haya hupotea. Programu kama OBS, ambayo ni ya bure, huweza kurekodi katika kompyuta wakati ule ule inapotangaza, na nakala hiyo huwa safi hata kama mtandao ulikatika. Wapigaji hodari wa obokano wamezeeka, na vijana wanaoshika ala hiyo ni wachache. Ningependa kila nakala iandikwe jina la mpigaji, kijiji chake, tarehe, jina la wimbo, na kama alikubali uhifadhiwe. Na Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, kifungue mlango wa maktaba yake kwa vijana hawa na kuzipokea nakala zao, mpigaji naye akiwa hai apewe ya kwake.