Majina kabla ya meli

Mchoraji akiombwa kubuni kumbukumbu ya waliozama, kwanza huchora meli: imelala ubavu, mawimbi yameifunika. Nawasihi wabunifu wenzangu tuiache. Ndugu wa abiria wa MV Skagit, iliyotoka hapa Dar es Salaam Julai 18, 2012 ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, hawahitaji kuonyeshwa tena jinsi wapendwa wao walivyokufa. Wanachotafuta ukutani ni jina.

Na jina ndilo gumu kupatikana. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza Mei 21, 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Watoto wa kupakatwa nao, nani huwaandika?

Tazameni sanamu ya Askari pale Posta. Ilisimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Ina maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na shaba yake imefanyiwa kazi ya ustadi mkubwa. Lakini majina ya wapagazi hayamo. Mjukuu aliyekuja kumtafuta babu yake hana pa kuweka kidole.

New York walifanya vingine. Kumbukumbu ya Septemba 11, iliyozinduliwa siku moja tu baada ya MV Spice Islander I kuzama karibu na Nungwi mwaka 2011, ina majina 2,983, na hayakupangwa kwa alfabeti. Familia ziliulizwa nani akae karibu na nani. Kwetu utaratibu huo unafaa zaidi, maana boti hubeba mama na wanawe, bibi harusi na mashangazi zake. Wakae pamoja.

Rasimu ipelekwe kwa masheha Unguja na Pemba, na kwa wajumbe wa mitaa huku bara, kabla fundi hajashika patasi. Asiyejulikana jina aandikwe kwa nasaba: mtoto wa fulani. Asiyejulikana kabisa apewe kibao chake, ukubwa uleule, jiwe lilelile, kikiwa kitupu ili kiweze kuchongwa siku ndugu watakapojitokeza. Picha za sura tusizilazimishe; zipo familia ambazo dini yao haiziruhusu.

Bango la kuchapisha Kariakoo latosha kwa siku ya dua, ila jua hulipausha upesi. Chuma nacho huliwa na chumvi. Kwa ukuta wa kudumu nachagua mawe magumu, herufi zichimbwe ndani, zianzie usawa wa mkono wa mtu aliyeketi, na ujengwe karibu na geti la boti, abiria wanapopita.