Umejisajili SHA, Lakini Umechanga?

"Nimejisajili SHA, mbona hospitali inanidai?" Nimeulizwa hivi kuhusu SHA, bima ya afya ya umma ya Kenya, kanisani, nimeulizwa ndani ya matatu, na juzi saa nne usiku shemeji yangu aliniuliza kwa simu akiwa kwenye dirisha la malipo, mkewe anasubiri kufanyiwa upasuaji wa kujifungua. Jibu ni lile lile: umejisajili, hujachanga.

Imani kwamba usajili ndio bima inawaumiza watu, nami nimechoka kuiona ikienea. Ujumbe wa simu unaothibitisha usajili unakwambia jambo moja tu: jina lako limeingia daftarini. Hebu fikiria chama chenu. Mwenzenu ameandikisha jina Januari, hajatoa hata shilingi, halafu Juni anataka zamu ya kupokea iwe yake. Mtampa?

Najua kosa lilikoanzia. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, Oktoba 2024, kila kipaza sauti kilihimiza watu wajisajili; habari ya kuchanga ikamezwa. Tena kuna chembe ya ukweli humo, nayo ndiyo inayopotosha zaidi. Kwenye zahanati na kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, aliyejisajili hutibiwa hata kama hajachanga, kwa sababu huko serikali hulipa kupitia mfuko wa afya ya msingi. Mtu akishapewa dawa ya malaria pale bila kutoa pesa, huamini milango yote imefunguka. Siku akilazwa hospitali ya kaunti anakutana na mfuko mwingine kabisa, na huo huuliza kwanza kama mchango umelipwa.

"Basi nitalipa nikiugua." Hapana! Enzi za NHIF asiye na mshahara alitoa shilingi 500 kwa mwezi, akazoea kuruka miezi. Sasa hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, na kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Ukianza kuzitafuta usiku mgonjwa akiwa kitandani, mbuzi ataenda kwa bei yoyote atakayotaja mnunuzi.

Fanya haya wiki hii. Piga *147#, uone kama mchango wako umelipwa. Maliza maswali ya kukadiria mapato, yale ya nyumba, choo na mifugo, maana ndiyo yanayotoa kiasi chako. Ukiwa na mwajiri, hakikisha ile asilimia 2.75 anayokukata inafika. Huna pesa ya mkupuo, ulizia mpango wa Lipa SHA Pole Pole. Kabla ya kulazwa, uliza utaongeza ngapi: SHA hulipia kujifungua kwa kawaida 10,000 na kwa upasuaji 30,000, na hospitali ya binafsi inaweza kutoza zaidi ya hapo. Mwongeze mwenzi wako na watoto, hata yule aliyezaliwa juzi. Shemeji ameshamsajili mtoto wake, na safari hii amechanga.