Mchango wa Kariakoo na Uhifadhi wa Kimataifa: Kujenga Uwezo wa Kuchangisha Fedha za Ndani Jijini Dar es Salaam

Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili ifanyiwe tathmini, na ilipofika Julai mwaka huohuo USAID, shirika lililokuwa likisimamia misaada hiyo, lilikuwa limekoma kufanya kazi hiyo. Kwa Tanzania, sekta ya uhifadhi ilikuwa miongoni mwa sekta zilizoguswa. Tuhifadhi Maliasili, mradi uliojikita katika shoroba za wanyamapori, ulikuwa ukiendeshwa kwa bajeti hiyo. Tukio hili lilifanya swali la siku nyingi kuwa la dharura. Inakuwaje shirika la kimataifa la uhifadhi likae Dar es Salaam kwa miongo kadhaa, katika jiji la mamilioni ya watu ambao huchangiana karibu kila wiki, na bado litegemee fedha za nje kwa takriban kila shughuli yake?

Makala haya yanafafanua kwamba tatizo haliko katika ukarimu wa wakazi wa jiji. Liko katika namna ofisi za Dar es Salaam zilivyoundwa, na katika umbali uliopo kati ya lugha ya ruzuku na lugha ya mchango.

Muundo huo una historia. WWF ilianzishwa nchini Uswisi mwaka 1961, na mwaka huohuo likaanzishwa nchini Marekani shirika ambalo leo linaitwa African Wildlife Foundation. Septemba 1961 Julius Nyerere alitoa Azimio la Arusha la wanyamapori (lisichanganywe na Azimio la Arusha la 1967), ambalo lilikiri dhamana ya Tanganyika juu ya wanyama wake na wakati uleule likaomba mataifa mengine yashirikiane kwa kutoa wataalamu na fedha. Mgawanyo wa kazi uliotokana na mwafaka huo ni rahisi kuueleza: fedha hutafutwa Ulaya na Marekani, kazi hufanyika Afrika. Ofisi ya nchi iliajiri wanaikolojia, maofisa miradi na wahasibu wa kuandika taarifa. Haikuajiri mtu wa kuomba, kwa sababu aliyeomba alikuwa kwingine.

Kanuni za fedha ziliimarisha hali hiyo. Kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani, kwa mfano, haziruhusu gharama za uchangishaji zilipwe kutokana na ruzuku yenyewe. Maana yake ni kwamba ofisi inayoishi kwa ruzuku pekee haina shilingi halali ya kumlipa ofisa uchangishaji, kuchapisha kadi, wala kuandaa chakula cha jioni cha wafanyabiashara. Uwezo haukujengwa kwa sababu hapakuwa na kasma ya kuujenga. Jambo hili hutajwa kwa nadra katika mijadala ya kujitegemea, ilhali ndilo linaloeleza mengi kuliko madai ya kwamba Watanzania hawana utamaduni wa kutoa.

Utamaduni huo upo, na Kiswahili kina ushahidi wake. Kitenzi *changa* huzaa *changia*, *changiana* na *changisha*. *Mchango* ni sehemu ya mtu katika jambo linalomhusu pamoja na wenzake. Neno *mfadhili*, kwa upande mwingine, linatokana na fadhila: aliye juu humtendea hisani aliye chini, na anayepokea hubaki na deni la shukrani. Mashirika ya uhifadhi yamezoea msamiati wa pili. Yanapomwendea mwenye duka wa Mtaa wa Kongo na kumwita mfadhili mtarajiwa, yanamweka katika nafasi asiyoitambua. Yeye ni mchangiaji, na mchangiaji ana haki ya kuuliza mweka hazina ni nani.

Ndivyo mambo yaendavyo Kariakoo. Harusi ina kamati yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kadi za mchango hugawiwa zikiwa na kima cha chini, kimoja cha mtu mmoja na kingine cha wawili. Siku hizi orodha huwekwa katika kundi la WhatsApp: jina, ahadi, kilicholipwa, salio. Asiyetimiza ahadi hukumbushwa, mara nyingine mbele ya wenzake. Msibani kuna daftari la rambirambi. Vikoba na upatu navyo vina utaratibu wao wa zamu na faini. Katika mifumo yote hii uwajibikaji ni wa papo kwa papo, yaani anayetunza fedha anajulikana kwa sura na kwa duka lake, na matumizi huonekana kwa macho, iwe ni ukumbi uliopambwa au sufuria ya pilau. Zaidi ya hayo, mchango hurudi. Aliyechangia harusi ya jirani anajua kwamba zamu yake itafika.

Mfumo huu umewahi kubeba jambo kubwa kuliko harusi. TANU, iliyoasishwa Julai 1954 na yenye makao yake pembezoni mwa Kariakoo, katika mtaa unaoitwa sasa Lumumba, ilijiendesha kwa ada na michango ya wanachama, huku mfanyabiashara John Rupia akiwa miongoni mwa waliotoa kwa wingi. Safari ya Nyerere kwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1955 ilichangiwa. Ni kweli kwamba uhuru wa nchi na ushoroba wa tembo si vitu vya uzito mmoja, lakini mfano huo unatosha kuonesha kwamba umbali wa lengo si kikwazo endapo mchangiaji anajiona ndani yake.

Hapa ndipo uhifadhi unapokwama. Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo, mnyamapori ni mali ya Serikali na chanzo cha dola za watalii. Kumwomba achangie kitu ambacho anaamini tayari kinaingizia wengine fedha ni kumwomba jambo lisilo na mantiki. Hoja inayomfikia ni maji. Dar es Salaam hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka Mto Ruvu, ambao vijito vyake muhimu huanzia katika Milima ya Uluguru. Mgawo mkali wa mwishoni mwa 2022, pale kina cha Ruvu kilipopungua, uligusa nyumba, migahawa na nyumba za wageni. Msitu wa mbali uligeuka kuwa ndoo tupu.

Kuna jaribio halisi lililojengwa juu ya uhusiano huo. Katika miaka ya 2000, CARE na WWF ziliendesha Uluguru mpango wa malipo kwa huduma za vyanzo vya maji, ambapo wakulima wa eneo la Kibungo walilipwa kwa kuchimba matuta, kupanda miti na kupunguza mmomonyoko, na walipaji wakawa DAWASCO na Coca-Cola Kwanza, zote za Dar es Salaam. Kwa mtazamo wa makala haya, huo ndio mfano ulio karibu zaidi na uchangishaji wa ndani katika uhifadhi nchini, na udhaifu wake unafundisha kama ulivyofundisha ubora wake. Walipaji walikuwa wawili tu. Gharama kubwa za maandalizi zilibebwa na wafadhili wa nje. Mteja wa kawaida wa maji, ambaye ndiye mnufaika wa mwisho, hakuombwa chochote wala hakupewa nafasi ya kuuliza chochote.

Kenya inatoa kipimo kingine. Rhino Ark, iliyoanzishwa mwaka 1988, imechangisha fedha kupitia mashindano ya magari ya Rhino Charge tangu 1989, na uzio wa Aberdare wenye urefu wa takriban kilomita 400 ulikamilika mwaka 2009. Wachangiaji wake wengi ni wenye uwezo mkubwa, hivyo si mfano wa kuigwa Kariakoo neno kwa neno. Kinachofaa kuangaliwa ni kwamba uzio ulionekana ukirefuka mwaka hadi mwaka. Nchini Tanzania mbio za hisani za mabenki, kama CRDB Marathon iliyochangia matibabu ya moyo ya watoto, zinadhihirisha kwamba fedha za kampuni zipo. Zinakwenda kwenye afya kwa sababu mtoto aliyepasuliwa ana sura.

Kikwazo cha mwisho hakitajwi katika miongozo ya uchangishaji inayotoka makao makuu. Mchango rasmi huacha rekodi, na rekodi huogopwa. Mgomo wa wafanyabiashara wa Kariakoo wa Mei 2023, uliomlazimu Waziri Mkuu kukutana nao Mnazi Mmoja, ulitokana kwa kiasi kikubwa na malalamiko juu ya ukaguzi na makadirio ya kodi. Mtu mwenye hofu hiyo hatafurahia stakabadhi inayoonesha kwamba alikuwa na shilingi milioni mbili za kutoa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu punguzo kwa michango ya hisani hadi asilimia 2 ya mapato, lakini kivutio hicho kina maana kwa kampuni yenye hesabu zilizokaguliwa, si kwa mwenye fremu.

Kwa mantiki hii, kujenga uwezo hakuwezi kuishia katika warsha ya siku tatu kuhusu uandishi wa maandiko ya miradi, ambayo kwa hakika ni mafunzo ya kuomba nje. Kunahitaji kasma ya makao makuu isiyotokana na ruzuku, itakayomlipa ofisa wa uchangishaji kwa miaka kadhaa kabla hajaleta faida. Kunahitaji kamati ya wachangiaji yenye mweka hazina wanayemfahamu, lengo dogo linaloonekana, kama vile chanzo kimoja cha maji au kijiji kimoja cha Uluguru, na safari ya kwenda kukiona. Kanuni za 2018 za mashirika yasiyo ya kiserikali tayari zinadai fedha zinazozidi shilingi milioni 20 zitangazwe magazetini. Shirika linaloweza kutimiza hilo linaweza pia kubandika hesabu zilezile Mtaa wa Msimbazi, kwa Kiswahili.

Suala gumu zaidi ni la mamlaka. Fedha zilizochangwa Dar es Salaam zikiingia katika akaunti inayosubiri saini ya Ulaya kabla ya kutumika, kamati ya wachangiaji haina kazi, na mweka hazina wake hana jibu la kuwapa wenzake watakapomuuliza salio.